Kitambaa Kisichochorwa

"Mwanzia pembeni huishiwa na kitambaa." Mmeisikia asubuhi kwenye kikao cha maji, pale mwenyekiti alipoizungukazunguka hoja mpaka nusu ya watu wakasinzia, na mama mmoja akamtupia maneno hayo kutoka nyuma. Mlicheka kwa sababu wakubwa walicheka. Sasa mnaniuliza ni kitambaa gani, na nani aliyeishiwa. Haya, kaeni vizuri. Chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji kimoja cha milimani, huko Mbinga, aliishi mwanamke aitwaye Otilia, mke wa Kaspari Hyera. Kwa kudarizi vitambaa vya meza na makochi hakuwa na mpinzani. Siku hizo utaratibu ulikuwa mwepesi. Unanunua kitambaa cheupe, unakipeleka kwa mchoraji sokoni, naye anakupigia chapa ya maua au ndege kwa wino wa buluu. Kazi yako ni kuufuata wino kwa sindano. Unaanza popote upendapo, maana kila kitu kimeshawekwa mahali pake. Otilia alizoea kuanzia pembe ya chini, upande wa kushoto, na hakuna aliyewahi kuona kosa katika kazi yake. Yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua kupita kiasi.

Otilia hakujaliwa kuzaa. Alipoolewa na Kaspari alimkuta Tekla, mtoto anayeota meno, ambaye mama yake Gaudensia alikuwa ametangulia mbele ya haki. Akamlea. Midomo ya watu haina pazia: mtoto akikonda, walisema mama wa kambo huyo; mtoto akinenepa, walisema anamnenepesha ili asisemwe. Otilia aliyameza yote, lakini hayakumtoka moyoni.

Tekla alipochumbiwa, alimletea Otilia mfuko uliokuwa umekaa miaka yote chini ya sanduku la baba yake. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za rangi na kipande cha kitambaa kizito, chenye matundu madogo madogo yaliyopangwa kama drafti. Hakikuwa na mchoro, hata alama ya wino. Mchoro ulikuwa kwenye karatasi iliyogawanywa vyumba vidogo: njiwa wawili wanafuatana juu ya tawi. Gaudensia alikipata kwa sista mmoja wa misheni, na sista huyo alikuwa amekwisharudi kwao Ulaya. Kitambaa cha namna hiyo hakikuuzwa katika duka lolote walilolijua.

"Mama, nataka kifunike meza yetu siku ya harusi," Tekla alisema. "Nasikia hicho hakifuati wino. Unahesabu matundu na kushona misalaba."

Mama Zeno, jirani yao, alipopata habari alikuja mbio. "Mpe mwingine hiyo kazi, dada. Hujawahi kuhesabu hata tundu moja. Ukikiharibu, watasema umefanya makusudi."

"Nitakishona mimi," Otilia alijibu.

Alipokikunjua aliona nyuzi mbili ndefu nyekundu zimepitishwa juu yake, moja kwa urefu na moja kwa upana. Akadhani ni bandi, kama ile ambayo mafundi cherehani hupiga kwa muda kisha wakaitoa. Akazing'oa, akazitupa, akakipiga pasi kitambaa kikanyooka. Kisha akashika pembe yake ya chini, upande wa kushoto, akaacha kwa kukisia nafasi pana ya kuwekea lesi, na akaanza.

Kuhesabu kulimtesa. Wino humwambia mtu njia. Matundu hayasemi kitu. Aliweka punje ya kahawa juu ya karatasi ili asipoteze chumba alichofikia, akawa anaisogeza kila amalizapo msalaba. Kaspari akimsalimia katikati ya hesabu, aliinua mkono kumnyamazisha, hata mzee wa watu akazoea kumsalimia kwa macho. Njiwa wa kwanza akatokea, mzuri wa kupendeza. Otilia akaanza kuimba jikoni.

Njiwa wa pili alipofika shingoni, kitambaa kikaisha.

Otilia alihesabu upya kutoka mwanzo. Hakuna msalaba uliozidi wala uliopungua. Hesabu yake ilikuwa sawasawa, na njiwa hakuwa na kichwa. Akaiangalia tena karatasi, na safari hii akaona vishale vidogo vilivyochorwa kila upande, ambavyo siku zote alividhania mapambo. Akavifuata kwa kidole. Vilikutana katikati ya tawi. Akakikunja kitambaa mara mbili, ncha kwa ncha, kutafuta kati yake ilipo. Ilikuwa palepale ambapo nyuzi nyekundu zilipishana.

Basi ile haikuwa bandi. Gaudensia alikuwa ametia alama ya kati, mahali pa kushonea msalaba wa kwanza. Otilia alikaa chini kwenye mkeka. Aliogopa kweli, kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

Tekla akaingia na kuni kichwani. Otilia akakifunika kitambaa kwa upande wa kanga.

"Umerudi, mwanangu? Pole na kuni. Huko njiani hakuna utelezi?"

"Hakuna, mama."

"Na wakwe zako, hawajambo? Nilisikia yule baba anakohoa." Tekla akasema amepona. "Afadhali. Unajua, mwanangu, vitambaa vya zamani vina mambo yake. Hata huko sokoni siku hizi…"

Tekla akatua kuni. "Mama, unazunguka. Kuna nini?"

Otilia akaiondoa kanga. "Nimeng'oa kazi ya mama yako. Zilikuwepo nyuzi nyekundu, alizipitisha yeye mwenyewe kuonyesha kati. Mimi nikaona takataka. Nikaanzia pembeni kama nilivyozoea, na sasa njiwa wako hana kichwa. Sikukusudia. Haki ya Mungu sikukusudia, Tekla."

Msichana alichuchumaa akakitazama.

"Kwa hiyo mama alikuwa ameshaanza?" Tekla aliuliza.

"Alikuwa ameshaanza."

"Nilidhani alikiweka tu." Machozi yalimlengalenga. "Miaka yote nilidhani alikiweka tu." Akapitisha kidole pale kati, taratibu. "Sasa tutafanyaje?"

"Nitafumua."

"Yote? Kitambaa kitastahimili?"

"La kitambaa sijui. Mimi nitastahimili."

Mama Zeno aliposikia alishika kiuno. "Fumua ya nini? Shona ua dogo pale shingoni, lifunike pengo. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, na Gaudensia atajua," Otilia alisema, akaendelea kuchokonoa.

Alifumua msalaba mmoja mmoja kwa upande butu wa sindano, asije akachana matundu. Nyuzi nyingi zilikatika. Akazitafutia nyingine za kufanana nazo. Akakifua kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akakianika kivulini. Kilipokauka alipitisha nyuzi mbili nyekundu kwa mkono wake, moja kwa urefu na moja kwa upana, na pale zilipopishana akashona msalaba wa kwanza. Vidole vilimvimba, macho yakawasha, harusi ikakaribia, na Otilia hakunyanyuka. Kichwa cha njiwa wa pili kilikaa mahali pake, na nafasi nyembamba ya lesi ikabaki sawasawa pande zote.

Siku ya harusi, wasemaji walikuwa wengi. Kila aliyepewa nafasi alimsalimia padre, akawasalimia wazee wa kanisa, akamtaja mwenyekiti na wajumbe wake, halafu akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuwataja upya. Ilipofika zamu ya mama wa bibi harusi, mshereheshaji alimnong'oneza kwamba wali unapoa, afupishe. Otilia naye alikuwa ameandaa salamu zake ndefu. Mbele yake walikaa dada zake Gaudensia, walewale waliohesabu unene wa mtoto. Akaziacha salamu zote. Akakikunjua kitambaa mbele za watu, akaweka kidole katikati ya tawi.

"Hapa alianza Gaudensia. Mimi nimefika mpaka pembeni. Tekla ni mwanetu sisi wawili."

Akakaa. Kisha mkubwa wa dada zake Gaudensia akasimama, akapiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka, akaja akamkumbatia Otilia na kulia naye.

Mshereheshaji akajaribu kutania. "Lakini mama, hata baba padre hukumsalimia!"

"Baba padre anisamehe," Otilia alisema huku akijifuta uso. "Mwanzia pembeni huishiwa na kitambaa."

Padre ndiye aliyeanza kucheka. Wageni waliondoka nalo neno hilo, kila mmoja na njia yake: aliyekuwa na posa ya kupeleka, aliyekuwa na msamaha wa kuomba, aliyekuwa na ukweli uliomkaa kooni miaka. Wote wanajua kuwa salamu ni tamu na maneno ya mzunguko hayana gharama, ila nafasi tuliyopewa ina mwisho. Lenye uzito litangulie, wanangu. Mwanzia pembeni huishiwa na kitambaa.