Kisanduku Kisichoingiza Tone

Palikuwa na fundi mmoja wa madirisha ya vioo, katika mji wa milimani ambako mvua hainyeshi kwa ratiba. Ndugu zangu, kabla sijaendelea nataka mshike jambo moja: hakuwa mtu mbaya. Mtaona baadaye kwa nini nimelisema mapema.

Fundi huyu alikuwa na desturi iliyompa jina pale mjini. Akishapachika dirisha hakufunga mkoba wa zana akaondoka. Aliomba mpira wa maji, akakimwagia kioo kwa nje kwa dakika kumi, kisha akaingia ndani na kitambaa kikavu na kupangusa kingo zote nne. Kitambaa kikibaki kikavu, kazi imekwisha. Kikishika unyevu, hata wa tone moja, alibomoa akaanza upya, na hakuna aliyeweza kumshawishi aache. Watu walimpenda kwa hilo. Wewe usingempenda?

Siku moja mkewe alikuwa anapogoa mpasheni uliotambaa kwenye uzio wa nyumba yao. Akamwona paka wa jirani anatafuna kitu chini ya majani. Alipoinama akakuta ni vinyonga wachanga, wametoka kwenye mayai siku hiyohiyo. Paka alikuwa amewamaliza. Alibaki mmoja, juu ya jani, urefu wake hauzidi njiti ya kiberiti. Wengi wetu hapa tungeruka nyuma, maana kinyonga tunamwogopa kuliko anavyostahili. Mwanamke huyu alimsogezea kidole, na yule mdogo akapanda, mguu baada ya mguu.

Jioni alimwomba mumewe amtengenezee yule mdogo mahali salama, akae humo mpaka akue kidogo. Alijua anachoomba, kwa sababu alikulia mashambani na alikuwa akiwatazama viumbe hawa tangu utoto. Alieleza kwa maneno machache: fremu ya mbao, wavu wa mbu pande zote, ndani tawi bichi lenye majani, na asubuhi na jioni mtu anyunyizie yale majani maji.

"Wavu paka atauchana," mumewe akasema. "Niachie mimi."

Jumamosi yote alikuwa karakana. Alikata kioo cha milimita sita, akaziba maungio kwa silikoni, akatoboa upande wa nyuma matundu manne madogo ya hewa. Tawi bichi alilikataa, kwa kuwa majani hunyauka na kuchafua. Akaweka tawi kavu alilolipiga msasa na vanishi. Chini akaweka bakuli dogo la maji safi. Mlangoni akatia kufuli, kwa ajili ya watoto wa majirani, na ufunguo akauweka kwenye kichala cha funguo zake za kazi. Mwisho akakipeleka kisanduku uani, akakimwagia maji kwa mpira dakika kumi, akapitisha kitambaa kwa ndani. Kikavu.

Alikiweka barazani, na watu wakaja kukitazama. Alikuja hata mama mmoja ambaye akikutana na kinyonga njiani hurudi alikotoka. Siku hiyo aliweka kidole juu ya kioo. Jirani mwenye paka alizunguka kisanduku mara mbili, akasema, "Fundi, huyu akikosa raha humu, mtoe nihamie mimi." Wakacheka, na fundi akacheka nao.

Mkewe hakucheka. Jumapili, mumewe alipotoka kidogo na kuacha funguo mezani, alifungua, akachovya vidole kwenye maji na kunyunyizia lile tawi. Fundi aliporudi akaona madoa kwenye kioo, kwa ndani. Alichukua gazeti akayapangusa yote, bila hasira, kama mtu anayemrekebisha mwanafunzi. Mkewe akamweleza kwamba kinyonga hanywi kwenye bakuli. Maji yaliyotulia hayatambui. Hunywa matone yanayoteremka kwenye majani, basi. Mumewe akamjibu kwamba akishikwa na kiu atayaona. Tangu hapo funguo hazikuachwa mezani tena.

Kila asubuhi fundi alimtilia inzi wadogo, akachungulia bakuli. Maji yalikuwa palepale alipoyaacha. Akaridhika, kwa sababu kwake maji yasiyopungua yalikuwa na maana moja tu: aliyemo humo hana shida. Mkewe alipomwambia macho ya kinyonga yamezama na ngozi imeingia mikunjo, alisema ndivyo walivyo wote. Alipomwambia amepauka, alisema kubadilika rangi ndiyo kazi yake.

Alhamisi ikanyesha mvua ya upepo. Maji yakapiga baraza na kuteremka juu ya kioo, tone baada ya tone. Yule mdogo, ambaye alikuwa hajasogea kwa siku nzima, akashuka kwenye tawi, akafika kwenye kioo, akaanza kukipiga kwa ulimi. Tone likipita upande wa nje, alilipiga kwa ndani. Likipita jingine, akalipiga hilo nalo.

Fundi alifurahi. Akamwita mkewe. "Njoo uone, anatusalimia."

Mkewe alisimama mlangoni akatazama. "Ana kiu," akasema.

"Bakuli limejaa. Tangu Jumamosi halijapungua."

"Ndicho ninachokwambia, mume wangu. Halijapungua."

Ndugu zangu, niwaulize. Huyu mtu alihitaji nini zaidi ya hapo? Mvua ilikuwa inamwonyesha. Mkewe alikuwa anamweleza. Naye alisimama katikati ya vyote viwili, anaangalia bakuli.

Ijumaa alfajiri alikwenda mji wa jirani kupachika madirisha ya zahanati, na kichala cha funguo kikaenda naye. Alirudi Jumapili mchana. Alipoingia barazani alikuta upande mmoja wa kisanduku umevunjwa. Vipande vya kioo vilikuwa vimefagiwa na kuwekwa pembeni, juu ya gazeti. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa, na kitambaa kimeloa damu. Katika kiganja cha mkono wa kushoto alikuwa ameshika jani la mpasheni, na juu ya jani yule mdogo, mkavu, mwepesi kama ganda la njugu. Bakuli lilikuwa ndani ya kisanduku, limejaa.

Mnajua swali la kwanza la fundi lilikuwa nini?

"Nani amevunja kioo?"

"Mimi."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

Mkewe hakuinua macho. "Nilikwambia Jumapili iliyopita. Nilikwambia Alhamisi. Kwenye simu ningesema nini kipya?"

Basi fundi akafanya alichokijua. Alitoa tepu mfukoni, akapiga goti mbele ya kisanduku, akaanza kupima pengo, ili akate kioo kingine.

Hapo ndipo mfano unapoishia. Sina sehemu ambapo anajuta.

Sasa naona nyuso zenu. Mmekwisha kumhukumu. Lakini nitajieni kosa lake. Alimnyima maji? Maji yalikuwepo, safi, bakuli limejaa. Hakumjali? Alimpa Jumamosi nzima na kioo cha milimita sita. Paka alimfikia? Paka hakumfikia. Kila hatari aliyoifahamu aliizuia. Alimlinda mpaka mvua yenyewe ikashindwa kumfikia.

Na hakukosa mtu wa kumwambia. Aliambiwa, na mtu aliyejua, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila alipoambiwa alionyesha bakuli.

Sisi ndio watu hao. Mke anasema siku hizi hatuongei, tunamwonyesha paa lisilovuja. Mtoto anasema shuleni hana rafiki, tunamwonyesha viatu vipya. Mama yetu kule kijijini anasema anatamani kutuona, tunamkumbusha blanketi tulilompelekea. Hata humu ndani mtu huja amekauka, nasi tunamwonyesha ratiba ya ibada. Kisha anaacha kusema, na sisi tunaita hilo utulivu. Tunawaambia jirani zetu: siku hizi nyumbani kwangu kuna amani. Nani ametuambia kwamba aliyenyamaza ameshiba? Ni bakuli ndilo limetuambia, kwa sababu halipungui.

Mbele za Mungu hatutaulizwa kama tuliweka maji. Nadhani tutaulizwa kama kuna aliyekunywa.

Na ninaposema sisi, nami nimo. Baada ya ibada hii nitarudi kwenye nyumba ambayo mke wangu aliishi miaka kumi na tisa bila kukosa kitu. Mlilisema hilo ninyi wenyewe siku tulipomzika, mmoja baada ya mwingine, na mlisema kweli.

Lakini wapo kati yenu ambao nyumbani bado kuna mtu. Mkifika leo, msikimbilie kujaza. Litazameni bakuli kwanza. Mkikuta maji ya jana yako vilevile, msimwambie kwamba yapo. Ketini, mumuulize yeye hunywaje. Na akianza kuwajibu, tafadhali, msitoe tepu.