Tembo Mwangusha Miti na Mayai ya Bi Kobe

Wenzangu, masikio yapo?

— Yapo!

Yamefunguka?

— Yamefunguka!

Basi shikeni hii.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakipeana kazi kama sisi, alikuwepo Tembo. Kazi yake ilikuwa kuangusha miti. Mti ukizeeka, ukiinamia nyumba ya mtu, anaitwa Tembo. Anaweka paji la uso, anasukuma mara moja, mara mbili, mara ya tatu, puu! Mti chini. Ujira wake maboga, basi.

Tembo alikuwa na nguvu, na moyo wake ulikuwa mzuri. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na msicheke, maana hata hapa naona wagonjwa wenzake. Hakupenda kuuliza. Aliona kumuuliza-uliza mwenye kazi ni kumkosea adabu. Ukimwita tu, anasema, "Aa, jirani, sisi kwa sisi, tutaelewana!"

Siku ya kwanza akaitwa na Ngiri.

"Fundi, mgunga huu unanisumbua. Uangushe."

"Tutaelewana!"

Puu! Mti chini. Tembo akajifuta vumbi, akaaga. Ngiri akatazama, akaona kisiki kimesimama palepale alipotaka kuchimba shimo lake la kulala.

"We fundi, na hiki kisiki? Nilidhani utakitoa!"

"Na mimi nilidhani utakiacha!"

Wakagombana mpaka nyani wakaja kutazama.

Tembo akaondoka akiwaza, kumbe watu wanataka visiki vitoke. Siku ya pili akaitwa na Kanga. "Tutaelewana!" Puu! Mti chini. Safari hii akazungusha mkonga kwenye kisiki, akakivuta na mizizi yake, akakitupa korongoni. Akasimama kungoja sifa. Kanga akaja mbio akipiga kelele.

"Kisiki changu! Nilitaka kupanda juu yake nimwone mwewe akija! Nani kakutuma?"

Siku ya tatu akaitwa na Nungunungu. "Tutaelewana!" Puu! Mti chini. Kisiki akakiacha, kwa tahadhari. Lakini akabeba matawi yote akayatupa mbali, ili uwanja uwe safi. Kumbe Nungunungu alitaka matawi hayo azungushie ua shamba lake la mihogo. Akasimamisha miiba. Tembo akakimbia. Tembo mzima, jamani, anamkimbia nungunungu!

Habari zikaenea. Ngiri akasema Tembo ni mvivu. Kanga akasema ni mharibifu. Nungunungu akasema ni mwizi. Hakuna aliyemwita tena. Tembo akakonda, akalia, akaamua kuhama bonde lile, ingawa alizaliwa hapo na mama yake alifia hapo.

Yuko njiani, akasikia sauti chini ya majani makavu. "Usinikanyage, fundi."

Alikuwa Bi Kobe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Kobe naye alikuwa na machozi. Alikuwa ametaga mayai tisa, akayafukia mchangani, na mkuyu mkubwa uliooza upande mmoja ulikuwa umeyainamia. Mvua zilikuwa karibu. Mti ukianguka wenyewe, mayai yote yamekwisha. Na mayai ya kobe hayahamishwi. Ukiyageuza, kilichomo ndani kinakufa.

"Wanasema wewe ni fundi mbaya," akasema Bi Kobe, "lakini sina mwingine."

Tembo akafurahi mno. "Usijali, bibi! Tutaelewana!"

"Sitaki! Kuelewana baadaye sitaki. Baadaye mayai yangu yatakuwa uji. Tuelewane leo. Tuuzunguke mti huu, tuambizane kila kitu."

Basi wakauzunguka. Mwendo wa kobe mnaujua. Walianza na umande, na jua la utosi likawakuta hawajamaliza mzunguko mmoja.

"Utauangushia upande gani?"

"Kule mteremkoni, mbali na mayai."

"Vizuri."

Tembo akakohoa. "Na matawi, bibi, unayataka?" Alikuwa hajawahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Siyataki. Mpelekee Nungunungu. Na kisiki utakitoa."

Tembo akafungua mdomo aseme ndiyo, maana ndiyo ndilo neno alilozoea. Akatazama mizizi. Ilipita chini ya mayai.

"Hapana, bibi. Hilo siwezi. Nikiking'oa, mayai yatatoka nacho."

Ilikuwa mara ya kwanza Tembo kumwambia mwenye kazi hapana.

"Sawa," akasema Bi Kobe. "Kibaki."

Sawa tu! Tembo akapata nguvu. "Kuna jambo hukuuliza, bibi. Mti ukiondoka, kivuli nacho kinaondoka, na jua litachoma mchanga. Nitakuachia tawi moja lenye majani, nilitandaze juu ya mchanga. Jingine, upepo ukivuma nitaacha kazi, hata kama nimeshaanza, usije ukausukumia mti kwenye mayai. Itabidi ungoje."

"Nitangoja. Kungoja ndiyo kazi ninayoiweza."

Na kila neno walilokubaliana, Kigong'ota, ndege mtoboa miti aliyekuwa akiwasikiliza juu ya mkuyu, akaligongea alama chini kabisa ya shina, ko, ko, ko. Zikawa alama tano.

Kesho yake Tembo akasukuma mara ya kwanza, mti ukalia. Akasukuma mara ya pili, mti ukayumba. Mara upepo ukaja. Tembo akaacha, akakaa chini.

Ngiri na Kanga walikuwa wamekuja kutazama. Wakacheka mpaka wakakaribia kuanguka. "Mvivu huyo! Si tulikwambia? Mfukuze, bibi!"

Bi Kobe akatoa shingo. "Someni alama ya tano."

Kigong'ota akawasomea: upepo ukivuma, kazi isimame. Ngiri na Kanga wakakaa chini nao.

Wakangoja siku nzima. Upepo ulipotulia, Tembo akasukuma mara ya tatu, puu! Mkuyu ukalala mteremkoni. Mchanga uliofunika mayai haukuguswa. Akaweka tawi lake la kivuli, akakiacha kisiki, akambebea Nungunungu matawi.

Mvua zikaja, zikapita. Asubuhi moja Bi Kobe akamwita Tembo aje upesi. Mchanga ulikuwa unafukuka. Akatoka mtoto wa kwanza, akatoka wa pili, wakatoka mpaka wakafika wanane. Wakamngoja wa tisa. Jua likapanda, na yai la tisa halikupasuka.

Tembo akaingiwa na hofu. Akajua sasa atasikia tena maneno ya Ngiri na Kanga. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini?" Bi Kobe alikuwa akilia. "Wewe uliniahidi mti, hukuniahidi watoto. Mti umeondoka kama tulivyosema. Hili moja ni la Mungu, niachie mimi nililie. Wewe nisaidie kuwafikisha hawa penye majani mabichi."

Tembo akalia pamoja naye, na moyoni mwake kulikuwa na furaha aliyokuwa ameisahau. Akaushusha mkonga mpaka chini, na watoto wanane wakapanda, mmoja mmoja, polepole.

Ndugu zangu, fundisho ni hili. Kabla ya kazi, fundi na mwenye kazi wauzunguke mti pamoja. Mwenye kazi aseme anachotaka. Fundi aseme anachoweza na asichoweza, mapema, kabla jasho halijatoka. Kuuliza si kumkosea mtu adabu. Kuuliza ni kumheshimu.

Nami nimeitua hapa. Anayeitaka na aibebe, mimi narudi jikoni kwangu.