Bega la Hafungwi

Pu. Kimya. Pu. Saa saba usiku, ndugu zangu, mke wa mrushaji mmoja wa besiboli akausikia mpira ukigonga ukuta wa nyuma, na moyo ukamruka, maana mrusho wa mumewe haulii hivyo, wa mumewe unalia kama kofi.

Mtaa mzima ulimwita Hafungwi. Mechi tisa alizorusha, hakuna timu iliyopata hata pointi moja kwake, na katika ligi nzima hakuna mrushaji aliyemfikia. Kesho ilikuwa fainali, na watoto walishachora sifuri kwa chaki kwenye kila mlango.

Mke akatoka. Akamkuta anarusha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unaning'inia tu, kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Tangu lini?"

"Bega lilianza kuuma mechi ya sita, leo limegoma kabisa. Rudi ndani, mama Tumsifu, mtoto ataamka."

Jamani, mechi ya sita! Ndiyo wiki ileile aliyoacha kumpakata mtoto, kila akipewa anasema mikono ina vumbi, na mke akalia peke yake akidhani hapendwi tena, yeye wala mtoto, hata begi alishalifungasha arudi kwao. Kumbe baba anaogopa kumwangusha.

Hakumgombeza. Alivua kanga ya kubebea mtoto, akaukunja ule mkono taratibu, akaufunga kifuani.

"Wewe ndiye wa kwanza kunifunga," mume akasema.

"Basi moja bila. Kaa chini."

Akamleta mtoto, akamlaza kwenye ule mkono mzima.

Sasa sisi. Tunaulizwa habari tunajibu nzuri tu, na bega linakufa tangu mechi ya sita. Tunaogopa nini? Kwamba pointi moja ikiingia hatutakuwa watu tena? Na wakati tunailinda hiyo sifuri, nani yuko ndani analia akidhani hatumpendi? Mungu hakuiomba sifuri yako, mpendwa. Anataka ukae chini ufungwe kanga.

Na wewe utakayeonyeshwa bega la mwenzio usiku, usikimbilie kwa jirani kusimulia. Mume yule aliuliza kwa woga, je, utawaambia watu? Mke akalikaza fundo.

"Kocha utamwambia mwenyewe asubuhi, nitakusindikiza. Mwingine yeyote, mimi simwambii."