Kiwanja Kilichopunguzwa

Mtu mmoja alikuwa na mke ambaye kwa miaka sita alipikia kwenye baraza la nyumba ya kupanga. Mtu huyo aliitwa Sifaeli, na mkewe Nambike. Kila siku Nambike alikoka moto wake barazani, na kila siku mpangaji wa chumba cha pili alipita akisema, "Mama Tumsifu, leo moshi wako umekuja kulala na mashuka yangu." Nambike alicheka na kuomba radhi. Lakini Sifaeli alisikia, na moyoni akamwahidi mke wake jiko lenye mlango.

Basi akatafuta nyumba. Akapata ya mama mmoja mjane, juu mlimani, Bibi Nakiete, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka na ile njia ya kwenda majini. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa amekubali kumchukua. Ilikuwa nyumba ndogo ya tofali za kuchoma. Jiko lake lilikuwa limeanguka mvua za mwaka juzi, lakini nyuma ya nyumba palikuwa na mahali tambarare pakubwa vya kutosha. Sifaeli alipopaona pale, hakutazama tena kitu kingine.

Siku ya kuandikishana walikwenda kama ilivyo desturi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na daftari, na wanaume wa mipaka yote minne wakatembea wakionyesha masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na baba zao. Mwenyekiti akauliza kama anavyouliza siku zote, "Mama, kuna kaburi lolote ndani ya kiwanja hiki?" Bibi Nakiete akajibu, "Hakuna." Wanaume wakaweka sahihi. Wanawake waliokuwa wamesimama karibu na mlango walitazama chini, na hakuna aliyewauliza wao.

Wiki iliyofuata Sifaeli na Nambike walihama. Gari lilikomea barabarani, maana njia ya kupanda ilikuwa nyembamba, na Nambike akawa anawaza watafikishaje kitanda, meza, magunia, na mtoto mgongoni. Kumbe wanawake wa pale walikuwa wameshashuka kuwapokea. Mmoja alibeba godoro kichwani, mwingine akabeba sufuria zilizofungwa kwenye khanga, na mwingine, ambaye Nambike hakuwahi kumwona, alimfungua mtoto mgongoni mwake, akapanda naye akimwimbia. Walipofika juu walikuta sakafu imefagiliwa na mtungi umejazwa maji. Bibi Nakiete alikuwa bado hajaondoka, kwa sababu binti yake angekuja kumchukua Jumamosi. Lakini alikuwa amehamisha kitanda chake mwenyewe kutoka chumba kizuri na kukipeleka kile cha nyuma chenye unyevu. "Mtoto alale pakavu," alisema. "Mimi nimebakiza siku nne tu."

Siku ya pili fundi alikuja kupima msingi wa jiko. Alipofika nyuma ya nyumba akamkuta Bibi Nakiete ameketi kwenye mkeka katikati ya pale tambarare, anapukuchua maharage. Fundi akapiga vigingi na kuvuta kamba, na kila alipoifikisha kamba kwenye mkeka, ilimbidi aizungushe.

"Bibi, sogea kidogo nipime."

Bibi akasogea kiasi cha kiganja.

"Aisee," fundi akacheka, "Bibi umeuza nyumba, lakini mkeka umekataa kuhama!"

Bibi Nakiete naye akacheka, ila hakuondoka. Fundi akasema atarudi kesho kuanza kuchimba. Kesho yake alirudi na sururu, na bibi alikuwa pale pale, tangu umande haujakauka.

Nambike alikuwa anaanika nguo. Alimtazama yule mama, akaona maganda yaliyo mikononi mwake yalikuwa matupu. Yalikuwa matupu tangu jana. Alikuwa akiyafungua na kuyafunga tu, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Nambike akaacha nguo kwenye beseni. Akamwomba fundi aende kwanza akanywe chai barazani, kisha akaja akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akampakata Tumsifu na kumnyonyesha. Hakuuliza kitu. Walikaa hivyo mpaka mtoto akashiba.

Ndipo Bibi Nakiete akasema, taratibu, akimtazama mtoto na si mama yake, "Wangu alikuwa na siku nne. Kitovu kilikuwa hakijaanguka. Kwetu, mwanangu, mtoto wa namna hiyo hachimbiwi kaburi. Hakaliwi matanga, wanaume hawaitwi. Wanawake wanamfukia nyuma ya nyumba, halafu unaambiwa unyamaze, utapata mwingine. Nikapata wengine. Lakini najua alipo." Akaweka kiganja chake juu ya mkeka. "Kama mnataka kurudisha nyumba, ni haki yenu. Sitawalaumu."

Nambike alikwenda kumwita mumewe, akamweleza. Sifaeli aliweka mkono juu ya kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mahali pengine pa kujenga jiko palikuwa ubavuni tu, kwenye mteremko, na pale palihitaji kwanza ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Mawe hayo yangepandishwa moja moja kutoka mtoni, na masika yalikuwa karibu. Alimtazama mke wake, akaukumbuka moshi wa miaka sita.

"Aliulizwa," alisema. "Aliulizwa mbele ya watu, na akasema hakuna."

Nambike akamjibu, "Baba Tumsifu, aliulizwa kaburi. Hakuulizwa mtoto."

Sifaeli alimchukua Tumsifu mikononi mwa mama yake, na mtoto akamkamata sikio kama kawaida yake. Kisha akamrudisha, akaenda kwa fundi, akamwambia aweke sururu chini. Halafu akavaa shati la kutokea, akashuka kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alipomwona alidhani umetokea ugomvi wa mpaka, akavuta daftari. "Haya, nani kakusogelea?"

"Hakuna aliyenisogelea," Sifaeli akasema. "Nimekuja kuomba unipunguzie kiwanja."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Ndugu yangu, miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, watu wanakuja kuongeza. Wengine wanaongeza usiku, kwa kuhamisha masale. Wewe unataka kupunguza? Umelala vizuri kweli?"

"Nimelala vizuri," akajibu, na akamweleza.

Mwenyekiti alikuwa na mama, alikuwa na dada, alikuwa na mke, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuliza nyuma ya nyumba yake mwenyewe kuna nani.

Siku ya Ijumaa watu wakaitwa upya kwenye kile kiwanja. Lakini safari hii wanaume walisimama pembeni na wanawake wakatangulia, kwa sababu wao ndio waliojua. Wawili wazee zaidi walimshika Bibi Nakiete mikono, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyemfukia mtoto siku ile, akiwa msichana. Wakasema, "Kuanzia hapa mpaka hapa." Hatua tatu kwa tatu. Fundi akang'oa vigingi vyake kwenye msingi akavipigilia pale walipoonyesha, na safari hii hakufanya utani. Mwenyekiti akaandika katika mkataba kwamba sehemu hiyo haikuuzwa na haitauzwa, hata nyumba ikipita kwa wengine. Kisha akawapa wanawake kalamu, nao wakaweka sahihi zao chini ya sahihi za wanaume, na yule asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

Bibi Nakiete hakulia. Alikunja mkeka wake, akaukung'uta, akaufunga kwa kamba pamoja na nguo zake. Alisema, "Sasa naweza kwenda." Na Jumamosi akaenda, akiwa amekaa mbele kwenye gari, amemshika binti yake mkono.

Masika yakaja. Nambike alipikia nje, chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani, na moshi wa kuni mbichi ukamtoa machozi kama zamani. Sifaeli kila jioni alishuka mtoni akarudi na jiwe. Wanawake waliokuwa wakitoka majini walipomwona, baadhi yao wakaanza kubeba jiwe mkononi pamoja na ndoo zao, wakilitua mlimani pale kwenye mteremko na kupita zao bila kubisha hodi. Si wote, na si kila siku. Ukuta ulipanda polepole. Wala Nambike hakuchoka kusubiri, kwa maana kila alipokwenda nyuma ya nyumba kuanika nguo aliona nyasi zimeota kwenye zile hatua tatu, na alijua kwamba mahali fulani mbali sana kuna mama mmoja anayelala usingizi.

Nanyi mliopewa nyumba na watoto wazima, na karatasi zenye mihuri za kuonyesha kwamba ni haki yenu: mmewahi kumuuliza aliyewatangulia humo ameacha nini asichoweza kukibeba?