Bi Kirukanjia na Zeze la Mawazoni

"Mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo!"
"Haya, paukwa!"
"Pakawa!"

Pakawa na Kiboko, na Kiboko alikuwa na zeze. Bonde zima lilikuwa na zeze moja tu, hilo hilo. Na desturi ya bonde ilikuwa hivi: siku ya mavuno, mpiga zeze hula wa kwanza, na hakuna anayechovya mkono chunguni mpaka mpigaji atamke kwa sauti, "Nimeshiba!"

Kiboko alikuwa hajui kupiga. Ngwee! Basi. Ngwee! Akimaliza, anakula. Anakula, anakula, anakula, na lile neno halisemi. Mavuno matatu yalipita, wenzake wakirudi nyumbani na mikono mikavu.

Bi Kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na watoto watano, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Njaa iliwauma wao, ikamuuma yeye zaidi. Akaenda mtoni.

"Bwana Kiboko, naomba nijifunze zeze lako kidogo tu."

"Gusa zeze langu," Kiboko akasema, "nikukalie."

Na kukaliwa na Kiboko, jamani, si jambo la kujaribu mara mbili.

Bi Kirukanjia akarudi kwake, akang'ata ncha ya mkia wake, akauvuta ukakaza, akaokota unyasi, akaupitisha juu ya mkia. Siku ya kwanza akawaza zeze, hakusikia kitu. Siku ya pili akawaza zeze, akasikia mbu. Siku ya saba akawaza zeze, akalisikia: zii-zeze-zii!

Jirani yake Kobe akapita.

"Jirani, unajikuna?"

"Niko darasani."

"Na mwalimu?"

"Ametoka kidogo."

Kobe akaenda zake akitikisa kichwa. Bi Kirukanjia akaendelea. Mvua ikinyesha, mkia unalegea, anaukamua na kuukaza upya. Akikosea, anarudia. Akipatia, anatokwa na machozi. Miezi mitano alipiga hivyo bila kutoa sauti hata moja, mpaka mtoto wake wa mwisho akalalamika, "Mama, punguza, masikio yanauma!"

Siku ya mavuno ikafika. Chungu cha makande kikaletwa, kinafuka mvuke. Bi Kirukanjia akamsogelea Kiboko.

"Bwana mkubwa, kumbe bado unalishika zeze kwa mikono? Kama mwanafunzi?"

"Nani mwanafunzi?" Kiboko akafura.

"Mafundi huliweka chini. Wanafumba macho, wanapiga la mawazoni."

Kiboko akaliweka chini papo hapo. Akafumba macho, akaanza kupunga mikono hewani. Bi Kirukanjia akapanda juu ya kibuyu cha zeze, maana lilimzidi mwili, akashika upinde. Hakuwahi kuligusa hata siku moja. Zii-zeze-zii! Ikatoka ileile ya mkiani! Akina mama wakapiga vigelegele, Kobe akacheza mpaka akaanguka chali.

"Huyo ni mimi?" Kiboko akauliza, macho kafumba.

"Ni wewe, bwana."

"Lo! Nilikuwa wapi siku zote? Leteni chakula!"

"Usifumbue! Ukifumbua, ufundi unaruka. Mpigaji wa mawazoni hula ya mawazoni. Panua mdomo."

Kiboko akapanua, paaa! Bi Kirukanjia akamtilia konzi ya hewa. Kiboko akatafuna, nyam, nyam, nyam.

"Chumvi haijakolea."

"Tumeongeza, bwana."

"Sasa imezidi!"

"Tumepunguza. Umeshiba?"

"Bado!"

Konzi nyingine. "Umeshiba?"

"Bado!"

Bi Kirukanjia akawatazama wanawe wanavyomeza mate. Akasema polepole, "Ajabu. Fundi hushiba upesi. Mwanafunzi ndiye hashibi."

Kiboko akashtuka. "NIMESHIBA!"

Weee! Bonde zima likaangukia chungu. Mikono ikaingia, miguu ikaingia, Kobe akaingia mzima. Watoto watano walikula mpaka wakashindwa kusimama, na mama yao akawatazama akacheka peke yake.

Kiboko alipofumbua macho, chungu kilikuwa kimelambwa kinang'aa. Tumbo lake likaunguruma, gruuu.

"Mbona linalia, na mimi nimeshiba?"

"Mazoezi, bwana," Bi Kirukanjia akamjibu huku akijifuta mdomo. "Mimi mwenyewe nilianza kushiba mwezi wa tatu."

Kiboko akarudi mtoni kufanya mazoezi. Hadi leo utamwona akitoa kichwa majini, akipanua mdomo wazi, akiufunga, akitafuna.

Basi watoto wangu, funzo ni hili: acheni kuota ndoto za mchana, hazijawahi kumlisha mtu. Hadithi imekwisha hapo; anayebisha aende mtoni akamuulize Kiboko, ila asimkaribie sana, yuko darasani.