Ndevu za Bi Kauri na Mimba ya Chewa

Paukwa!
— Pakawa!
Pana nini chini ya maji?
— Pana mwamba!
Na chini ya mwamba?
— Pana mtu!
Mtu gani?
— Ana ndevu wala si baba!

Haya, sogeeni. Aliyempisha mdogo wake mkekani ameonekana, na atakaa mbele.

Hapo kale, karibu na gati la wavuvi, aliishi konokono wa baharini aitwaye Bi Kauri. Mgongo wake uling'aa kama kikombe cha wageni. Mwendo wake ulikuwa wa adabu: nyatu, nyatu, nyatu. Lakini Bi Kauri alikuwa na kitu ambacho mama yake hakuwa nacho, wala bibi yake. Alikuwa na ndevu.

Na kama ingekuwa ndevu tu, angezichana akaendelea na maisha. Msimu ule zilipoota, alikaa mwambani akangoja mayai. Mayai hayakuja. Msimu wa pili alikaa, akangoja. Hayakuja. Majirani zake wote wa kike mambo yao yalikuwa hayo hayo: ndevu zaja, mayai hayaji.

Chanzo kilijulikana. Kilikuwa na mapezi, na kiliitwa Chewa.

Chewa alikuwa samaki mkubwa mwenye mdomo kama mlango wa ghala. Alipenda kula, gubwi! gubwi! Na alipenda makopo. Mafundi walipomaliza kupaka rangi nyekundu chini ya boti, walitupa makopo baharini, na rangi imebaki ndani. Chewa aliyazoa yote, akayapanga pangoni mwake. Makopo saba.

"Nyumba ya mkubwa lazima iwe nyekundu," alisema. "Tena haigandwi hata na uchafu!"

Kweli haikugandwa na kitu. Rangi ile ni sumu. Hupakwa chini ya boti ili viumbe visishike hapo. Na rangi isiyotaka kiumbe kishike, itataka kiumbe kizaliwe? Ilivuja toka pangoni, tiriri, tiriri, ikashuka mpaka mwamba wa konokono.

Asubuhi moja Kete, mdogo wake Bi Kauri, alimjia. Kete alikuwa mwari, na bamvua ile ya mwezi mpevu, maji yanapojaa sana, ndipo angetaga kwa mara ya kwanza. Zilibaki siku tano.

"Dada, hebu nitazame kidevu. Kuna kitu kinaniwasha."

Bi Kauri akatazama. Unywele mmoja.

"Mwani huo," akasema, akaung'oa taratibu asimuumize. Lakini moyo wake ulifanya puu!

Hakungoja hata kunywa chai, kama huko wanakunywa. Nyatu, nyatu, mpaka mlangoni kwa Chewa.

"Hodi, Bwana Chewa. Nimekuja kukuomba. Yatoe makopo haya, mdogo wangu apate watoto."

"Pango langu, makopo yangu, rangi yangu!" Chewa akacheka mpaka mchanga ukatimka. "Nenda kanyoe, Bi Ndevu! Ukimaliza uje uswalishe!"

Kisha ghafla akashika tumbo. Siku tatu kabla alikuwa amemeza pweza mzima mzima kwa uroho, na pweza yule alikuwa bado hajakubali kuyeyuka. Tumbo lilijaa kama mtungi. Mara likatikisika, ndukundu!

"Hapa pana kitu kinacheza," Chewa akanong'ona.

Bi Kauri alikuwa amekwisha kugeuka kwenda zake. Akageuka tena, pole pole. Ndevu zikamcheza.

"Bwana Chewa, unasikia kichefuchefu?"

"Tangu juzi. Umejuaje?"

"Na unatamani vitu?"

"Natamani kila kitu."

"Na machozi hukutoka bila sababu?"

Chewa akatazama huku na huku. "Jana nilimwona dagaa akimpisha mama yake njia. Nikalia kidogo. Halafu nikawala wote wawili."

"Basi hongera."

"Hongera ya nini?"

"Una mimba."

"NINI? Mimi? Dume zima? Nitakumeza!"

"Nimeze. Nimejaa rangi mwili mzima. Mtoto wako atazaliwa na ndevu."

Chewa akafumba mdomo.

"Fikiri, Bwana mkubwa," Bi Kauri akasema kwa upole, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. "Sisi wanawake tumeota ndevu. Zimetoka wapi? Kwenu wanaume. Na uzazi wetu umekwenda wapi? Mizani haipandi upande mmoja pasipo mwingine kushuka. Sisi mwambani tuko wengi, lakini makopo yamo pangoni mwa nani? Aliyelala nayo ndiye aliyebeba."

Tumbo likajibu lenyewe: ndukundu!

"Mama yangu we!" Chewa akalia. "Sasa nifanye nini, Bi Kauri, dada yangu?"

Ah! Leo dada.

"Miko ni miwili. Wa kwanza: mja mzito halali penye rangi nyekundu. Kila maji yakijaa, toa kopo moja, ulisukume mpaka mlangoni pa kibanda cha mafundi, pale maji yanapofika. Wa pili: usile chenye macho. Kula mwani. Mtoto anaona kila unachokula."

Maji yakajaa. Chewa akasukuma kopo la kwanza kwa pua: kon! kokoro-kokoro, kon! Maji yakajaa tena, akasukuma la pili: kon! kokoro-kokoro, kon! La tatu. La nne. Alitweta, alipumzika, alikula mwani akikunja uso. Na njiani, akidhani hakuna amsikiaye, aliimba:

*Lala, lala, wangu wa tumboni,*
*Baba hali, baba yu njiani,*
*Ukizaliwa nitakupa pango.*

Bi Kauri alimsikia. Hakucheka. Alimsogezea jani la mwani laini, akaliacha mlangoni, akaondoka.

Kopo la saba likafika nchi kavu. Mafundi walipokuta makopo saba yamepangwa mstari mmoja mlangoni, walishika vichwa. "Bahari imetukatalia!" wakasema, na tangu hapo hawakuthubutu kutupa tena hata kifuniko. Nako chini mkondo wa kwanza ukafagia, wa pili ukasuuza, wa tatu ukapuliza, fyuuu. Bamvua ikaja. Kete akapanda mwambani, akakaa, akangoja. Na Bi Kauri akakaa ubavuni pake, akangoja.

Yakaja! Vifuko vidogo vyeupe, vimebanana kama punje za hindi, na Kete akavifunika kwa mwili wake.

"Dada," akasema, "hawa ni wetu sote. Wewe ndiye mama mkubwa wao."

Bi Kauri akakipangusa kifuko kimoja kwa ncha ya ndevu zake.

Hapo ndipo Chewa alipofika mbio, amekonda, tumbo limelala kama mfuko mtupu. Pweza alikuwa ameyeyuka zamani.

"Bi Kauri! Mtoto wangu hayupo! Nimesukuma makopo, nimekula mwani, na mtoto hayupo!" Machozi yalimtoka, na yale yalikuwa na sababu.

Bi Kauri alikuwa na hila moja tu, nayo ilikuwa imekwisha. Angeweza kumcheka: nenda kanyoe! Lakini aliukumbuka ule wimbo. Akamgusa Kete, Kete akainua ukingo wa mwili wake kidogo.

"Hayupo vipi? Umejifungua usingizini, Bwana Chewa. Hawa hapa."

Chewa akasogea. Akabana pumzi asiwapeperushe.

"Wengi hivi?"

"Ulikuwa na tumbo kubwa."

"Wana macho yangu?"

"Kabisa," akasema Bi Kauri, na mayai hayakuwa na macho.

Tangu siku hiyo Chewa hulala mbele ya mwamba ule. Kaa akija kunusa mayai, hukuta mlango wa ghala: "Ondoka kwa wanangu!" Naye hulala mdomo wazi usiku kucha, ili watoto wakitaka kuingia wasipate taabu ya kubisha hodi.

Na ndevu za Bi Kauri? Hazikudondoka, na mayai yake hayakuja. Lakini mkondo ukivuma kwa nguvu, watoto wote wa mwamba hukimbilia kwake, kila mmoja akashika unywele wake, wala hajachukuliwa hata mmoja.

Hadithi imefika pwani. Ikiwa tamu, mpelekeeni asiyekuwepo; ikiwa chungu, iacheni hapa hapa, itatiwa sukari kesho.

Na funzo lake, watoto, ni hili: uongo ni mbaya sana. Msidanganye kamwe, kamwe, kamwe! Labda kama mmeota ndevu.