Kadi ya Picha na Macho ya Nyangi

Pikipiki ilikuwa imekwisha kuiacha Nyamwaga nyuma, na migomba ya kando ya njia ilielea katika ukungu kama watu wanaojaribu kukumbuka jambo. Elia aliendesha polepole. Nyuma yake alikaa bibi yake, Nyangi, fedha za mtamba aliyemuuza zikiwa zimefungwa katika pindo la khanga. Walikuwa safarini kwenda Sirari kununua kadi ya picha ya kompyuta.

Kwa muda mrefu Elia alikuwa akiujenga upya, ndani ya kompyuta, mji wa zamani wa Nyangi uliochukuliwa na mafuriko: zizi, maghala, njia ya kisimani. Alitaka bibi autembelee tena kwenye kioo. Lakini kompyuta ile ilikuwa nzito kama kobe mwenye mimba. Mti mmoja iliuchora tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Kadi mpya ingeuchora mji mzima kufumba na kufumbua. Fedha zile zilikuwa za kumtoa Nyangi mtoto wa jicho, ila mwenyewe alikataa.

"Macho yatangoja, mume wangu," alimtania mjukuu wake. "La kushoto bado linaona hata kiroboto. Wewe nijengee mji kwanza."

Dukani, Lusekelo, muuzaji asiyeishiwa maneno, aliwasha kompyuta yenye kadi ile. Kioo kikajaa mto. Maji yakametameta, matete yakayumba, mwanga ukazama hadi kwenye changarawe za chini. Elia alihisi kama miguu yake imelowa.

"Hii siyo kadi, kaka, ni ndoto," Lusekelo alisema. "Shikamoo bibi. Unauonaje mto huo?"

"Marahaba. Ah, maji mazuri!" Nyangi alijibu, akitikisa kichwa kwa furaha. "Hata ng'ombe wangeshuka wenyewe."

Uso wake ulikuwa umeelekea feni ya ukutani.

Lusekelo akamtazama Elia. Elia akazikumbuka jioni zote ambazo bibi alisifu kazi yake: paa zuri, mbuzi wazuri. Moyo ukamdondoka kama kibuyu kilichokatika kamba.

"Bibi, kioo kiko huku."

Nyangi alicheka kidogo. "Basi hicho kinachovuma ni nini? Mimi nilijua ndio mto."

"Twende hospitali."

"Na mji wangu? Hilo kobe lako litaumaliza nimeshazikwa!"

"Litachelewa, bibi. Lakini nikiumaliza leo, nitamwonyesha nani?"

Nyangi alilipapasa fundo la khanga, akalikaza. "Haya, washa pikipiki yako. Usinililie hapa mbele za watu."

Nyangi alitolewa mtoto wa jicho Tarime, jicho moja, kisha la pili. Lusekelo aliiuza kadi ile kwa mpiga picha wa harusi. Kompyuta ya Elia ilichora masika yote, na mji ukakamilika watu wakivuna mahindi. Nyangi aliutembea wote kwa macho, akalalamika kwamba mlango wa zizi uko upande usio wake na beberu hana kivuli, Elia akarekebisha. Kadi hajanunua mpaka leo. Waliosema kawia ufike walikuwa wameshaipita njia hiyo kabla yetu.